Majina ya watu yameharibikia mikononi mwangu

Shikamoo Mshauri,

Safu hii nimeisoma kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nitaiandikia. Jambo langu ni la kazini, na kwa mtu asiyelifahamu linaweza kuonekana dogo, ila limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Ninaandika programu za kompyuta. Bosi wangu ndiye aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata hifadhidata ni nini, na hadi leo namwita kaka. Mfumo tunaoutunza aliujenga yeye peke yake miaka mingi kabla sijafika. Hifadhidata yake ni MySQL, ya zamani, imekuwa ikihamishwa toleo hadi toleo. Ndani yake kuna jedwali moja kubwa la majina ya watu, na majina hayo ndiyo yanayochapishwa kwenye vyeti vyao.

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandika programu ya pili, ya ripoti, inayosoma jedwali lile lile. Siku ya kwanza nilipoiwasha, José akatokea JosÃ©. Majina yenye ng’, yale ambayo ritifaa yake ni ile inayopindishwa na simu yenyewe, yakawa ngâ€™. Nikafungua programu ya zamani, kila kitu safi. Jina lile lile, rekodi ile ile, huku safi, kule takataka. Nikajiambia kwamba hifadhidata imeharibika na kaka aliweka kiraka ndani ya programu yake ili ubovu usionekane.

Sikumwuliza. Ijumaa jioni, wenzangu wameshaondoka, niliandika skripti ya kusoma kila jina kupitia muunganisho wa programu yangu, kugeuza Ã© kuwa é, â€™ kuwa ’, na nyingine kama hizo, kisha kulirudisha jina mahali pake. Ilipofika kama theluthi ya jedwali nilifungua ripoti. Majina yalikuwa yanapendeza! Nikafungua na programu ya zamani, mwili ukafa ganzi. Majina yale yale niliyoyatengeneza yalikuwa na kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani yake. Nikaisimamisha skripti. Baadaye nikagundua kubaya zaidi: kuna majina ambayo herufi zake zimegeuka alama ya kuuliza ya kawaida katika programu zote mbili. Nimeyahesabu, ni 312.

Jumatatu malalamiko yakaanza. Kaka aliponiuliza, nikamjibu kwamba labda ni vivinjari vya watu. Alinikubalia hapo hapo, hakuuliza swali la pili, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kisha tukapokea ujumbe wa mtu ambaye cheti chake kimetoka kimeandikwa "Pawe?". Aliandika maneno matatu tu: "Si jina langu."

Ninayo nakala ya akiba ya Alhamisi, siku moja kabla ya skripti yangu. Lakini tangu hapo wamesajiliwa watu wapya, na wa zamani wamebadilisha taarifa zao. Niirudishe usiku bila mtu kujua? Nimwambie kaka, wakati siwezi kueleza kosa langu bila kugusa lake? Anastaafu miezi michache ijayo na kila mtu anausifu mfumo wake. Sitaki niwe mimi niliyemharibia mwisho wake.

Niliyekosa usingizi

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kisa, mara mbili zilizofuata nilikuwa na kalamu, naandika baiti, yaani zile namba ambazo kompyuta huzitumia kuhifadhi herufi, pembeni ya karatasi. Utaniwia radhi nikichanganya mambo ya moyo na mambo ya baiti, maana katika kisa chako sioni namna ya kuyatenganisha.

Umeniletea mizigo mitatu: majina yaliyoharibika, neno ulilomwambia kaka Jumatatu, na imani yako kwamba yeye alificha kasoro tangu zamani. Nianze na huo wa mwisho, kwa sababu naona ndio unaokufunga mdomo kwenye hiyo mingine.

Hicho kiraka ndani ya programu yake, umekiona? Umeufungua msimbo ukakuta mahali anapogeuza Ã© kuwa é? Barua yako haisemi hivyo. Inasema programu moja inaonyesha safi na nyingine haionyeshi, na hilo lina maelezo mengine ya kawaida kabisa, yasiyohitaji mtu wa kuficha chochote.

Herufi é katika usimbaji wa UTF-8, yaani mojawapo ya kanuni za kugeuza herufi kuwa baiti, huandikwa kwa baiti mbili, C3 na A9. Chukulia programu ya zamani ilizituma hizo mbili, ila muunganisho wake ulijitambulisha kwa seva kuwa unatumia Latin-1, usimbaji wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi, na jedwali nalo limetangazwa kuwa la Latin-1. Seva ikaona pande zote zinasema lugha moja, kwa hiyo haikutafsiri kitu, ikaziweka baiti kama zilivyokuja. Wakati wa kusoma zikatoka vile vile, kivinjari kikazisoma kwa UTF-8, na José akaonekana José. Kisha ikaja programu yako ikajitambulisha kwa utf8mb4, jina ambalo MySQL huiita UTF-8 kamili. Seva, kwa uaminifu wake, ikaichukua C3, ambayo katika Latin-1 ni Ã, ikaichukua A9, ambayo ni ©, ikakutafsiria zote mbili. Takataka uliyoiona ni tafsiri sahihi ya kitu kilichobandikwa jina lisilo lake.

Na kaka huenda hakulibandika kwa mkono wake. MySQL, ukiiacha bila kuiambia kitu, ilitumia latin1 hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, tena kwa mpangilio wa alfabeti wa Kiswidi, kwa kuwa kampuni iliyoianzisha ilikuwa ya Uswidi. Aliyejenga mfumo miaka ile bila kugusa mahali hapo alipata Latin-1. Angewezaje kushtuka? Kiswahili huandikwa karibu chote kwa herufi zilizomo ndani ya alama 128 za ASCII, usimbaji wa msingi wa herufi za Kiingereza, na Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni UTF-8 mwaka 1992 waliziacha hizo 128 na baiti zile zile, kwa makusudi. Andika sentensi elfu za Kiswahili, zote zitapita salama katika usimbaji wowote kati ya hii miwili. Ni ile ritifaa ya ng’ ikipindishwa na simu ndiyo inayogeuka baiti tatu, E2 80 99, na kuianika siri yote. Kwa hiyo naomba ulifikirie hili kabla ya kwenda kwake: inawezekana kaka hajui. Si kwamba alijua akanyamaza.

Unaweza kupima leo, bila kubadilisha kitu. Chukua jina ambalo skripti yako haikuligusa, lenye é, uliulize kwa HEX, amri ya MySQL inayoonyesha baiti zenyewe. Ukikuta C3A9, na jedwali linasema latin1, basi ni haya niliyokueleza. Ukikuta C383C2A9, nimekosea, kuna mahali herufi ilisimbwa mara mbili kabla ya kufika. Macho yako yamekudanganya mara moja katika jambo hili, na kila skrini unayoitazama inakuonyesha tafsiri. HEX inakuonyesha kilichoandikwa.

Tuje kwenye Ijumaa yako. Unasema umeyaharibu majina, na unazungumza kana kwamba yote yako kwenye kapu moja. Mimi naona makapu matatu. Kuna theluthi mbili ambazo skripti haikuzifikia, zina baiti za UTF-8 kama mwanzo. Kuna yale yenye vialmasi, ambayo sasa yana baiti moja tu, E9 badala ya C3 A9. Hayo, kwa jedwali la Latin-1, ni sahihi, hakuna kilichopotea. Programu ya zamani inaisoma E9 kwa UTF-8, inashindwa, inachora kialmasi. Na kuna yale 312. Herufi kama ł haimo kabisa katika Latin-1, kwa hiyo ulipoiandika kupitia utf8mb4 seva haikuwa na pa kuiweka. Seva iliyowekwa kuwa kali, kama ilivyo kawaida tangu toleo la 5.7, ingekataa na kukupigia kelele. Yenu inaelekea haikuwekwa hivyo, ikaandika 3F, yaani alama ya kuuliza, ikaendelea na kazi. Hapo ndipo kuna upotevu wa kweli, maana kutoka 3F hakuna hesabu inayokurudisha kwenye ł. Inarudi kutoka kwenye nakala ya Alhamisi au kutoka kwa mwenye jina.

Lipo jambo moja katika haya ambalo hukulitaja, na linanitia wasiwasi kuliko hayo 312. Vile vialmasi, kwa sasa, viko kwenye skrini tu. Lakini akitokea mtu akafungua fomu ya programu ya zamani ili abadilishe namba yake ya simu, kialmasi kikiwa kimekaa kwenye nafasi ya jina, akabonyeza kuhifadhi, basi kialmasi chenyewe kitaandikwa kwenye jedwali, EF BF BD, na ile E9 itafutika. Wewe mwenyewe umesema watu wamekuwa wakibadilisha taarifa zao. Tafuta EFBFBD kwa HEX ujue ni mangapi. Ninakueleza hili si kwa kukutisha. Ni kwa sababu umeniuliza kama useme au unyamaze, na swali hilo lina saa inayotembea ndani yake. Fomu ile iko mikononi mwa kaka, na sijui kama unaweza kuifunga kwa muda bila kumpa sababu.

Kuirudisha nakala usiku kunavutia, nakuelewa. Ukiirudisha juu ya jedwali lililopo, utafuta kazi ya wiki tatu ya watu wasio na kosa lolote, na asubuhi watakuja kuuliza waliko watu waliowasajili. Hilo kwangu ni shimo la pili juu ya la kwanza. Kuirudisha pembeni, kwenye jedwali lingine, ni habari tofauti: unalinganisha kwa namba ya rekodi, unachukua jina la Alhamisi pale tu ambapo leo pana alama ya kuuliza iliyotokana na skripti, au kialmasi, kiwe cha kwenye skrini tu au kilichokwisha kuhifadhiwa, na unamwacha aliyekwisha kulirekebisha jina lake mwenyewe. Na kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya jedwali kama lilivyo sasa, na ubovu wake wote. Ubovu huo ndio ushahidi wako wa makapu matatu.

Sitakudanganya, hili unaweza kulifanya peke yako na pengine lisijulikane. Lakini litakurudisha Alhamisi tu. Ripoti yako itaonyesha JosÃ© tena, na utalazimika kueleza kwa nini juzi ilikuwa safi.

Ipo njia ya bei rahisi, ya kuifanya programu ya ripoti ijitambulishe kwa Latin-1 kama ile ya zamani. Baada ya kurudisha majina, zote mbili zitaonekana safi siku hiyo hiyo. Nimewaona watu makini wakiichagua kwa muda, wakisubiri kipindi chenye utulivu. Hatari yake ni kwamba seva itaendelea kuhesabu é kuwa herufi mbili, itapanga majina vibaya, na atakayekuja baada ya kaka kustaafu atarithi fumbo bila mtu wa kumfumbulia. Huyo anaweza kuwa wewe.

Njia ndefu ni kulihamishia jedwali kwenye utf8mb4 kikweli. Usiandike utf8 tupu. Katika MySQL jina hilo limemaanisha usimbaji unaoishia baiti tatu kwa herufi, na emoji ya kwanza yenye baiti nne itakwama. Amri ya CONVERT TO, ambayo ndiyo mkono hukimbilia, itaziamini Ã na © kuwa herufi halali na kuzisimba upya, takataka igeuke ya kudumu. Watu hupitia njia ya kuigeuza safu kuwa ya baiti tupu kwanza, kisha kuitangaza utf8mb4, ili baiti zisiguswe, jina la usimbaji tu ndilo libadilike. Hiyo ingefaa sana kabla ya Ijumaa yako. Sasa hivi ile E9 iliyo peke yake si UTF-8 halali, na seva isiyo kali inaweza kulikata jina hapo hapo ilipoishia kuelewa. Kwa hiyo makapu yatenganishwe kwanza. Bahati nzuri UTF-8 ina umbo lake: baada ya C3 lazima ifuate baiti kati ya 80 na BF, na jina la kweli la Latin-1 ni nadra sana kuangukia umbo hilo kwa bahati. Jina linalosomeka kwa UTF-8 liache lilivyo, lisilosomeka lisome kwa Latin-1, na lenye ASCII tupu halikuhusu. Yapitie kwa macho yale machache utakayoyatilia shaka. Fanya yote haya juu ya nakala, mara mbili, kabla ya siku yenyewe.

Siku hiyo ikifika, muunganisho wa programu ya zamani lazima ubadilike saa ile ile ya jedwali, la sivyo vialmasi vitajaa kila mahali. Ndiyo kusema njia hii haipitiki bila kaka. Sikuambii kwa sababu hiyo uichague au uiache.

Sasa kuhusu kumwambia. Naona unachoogopa ni kwamba maelezo yako yatakuwa mashtaka. Yanaweza yasiwe hivyo kama utakwenda na baiti badala ya hukumu. Kuna tofauti kati ya "mfumo wako ulikuwa mbovu" na "kaka, nimekuta C3A9 kwenye jedwali la latin1, nisaidie kuelewa ilianzaje, na kabla hujajibu kuna jambo nililifanya Ijumaa ile." Huenda akakumbuka mara moja. Huenda pia akaumia, akakaa kimya, au akakuondoa kwenye kazi hiyo. Kuna watu ambao karibu na kustaafu hawataki kuguswa, na kuna ambao wangechukia zaidi kujua baadaye kwamba jambo lilikuwepo wakiwa bado mezani nao wakafichwa. Wewe umekaa naye miaka, mimi sijamwona hata siku moja. Unaposema hutaki kumharibia mwisho wake, jiulize kama umempa nafasi ya kuchagua mwisho anaoutaka.

Lile la vivinjari ni zito zaidi ya skripti, na naona unalijua, kwa sababu umeandika kwamba kinachokuuma ni jinsi alivyokuamini upesi. Skripti ilikuwa haraka ya mtu anayetaka kazi iwe nzuri. Ukilisema hili wewe mwenyewe litabaki kati yenu wawili. Akiligundua kwenye kumbukumbu za seva, yenye saa na jina la muunganisho wako, sijui litakuwa nini. Unaweza pia kupima kama kuna mtu wa tatu kazini anayeheshimiwa na nyote, ukaanza kwake. Ila kaka anaweza kuona umemzunguka.

Yule mwenye jina la Paweł hahitaji kusubiri uamue lolote kati ya haya. Anaweza kujibiwa leo kwamba jina lake limeonekana limekosewa, kosa ni letu, na cheti kipya kitatoka. Kwake hilo ndilo jambo zima.

Rekodi yake ndiyo ningeitazama kwanza kwenye nakala ya Alhamisi. Kama nakala hiyo ilitolewa kwa mysqldump, chombo cha MySQL cha kutoa nakala, bila kubainisha usimbaji, usitegemee kukuta C5 82, baiti za ł katika UTF-8, ndani ya faili. Utakuta C3 85 E2 80 9A, kwa sababu chombo hicho nacho kimeitafsiri Latin-1 kwenda UTF-8 wakati wa kutoa. Usiingiwe na hofu, ni ł ile ile imevishwa nguo mara mbili, na inavulika. Niandikie unachokikuta hapo.